Nawasikia walio kilomita 2,000, mwenzangu wa kilomita 110 simsikii: kosa liko wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina leseni ya redio ya ridhaa tangu mwaka jana. Mwenzangu anaishi kilomita 110 kutoka kwangu na kati yetu kuna milima. Redio za VHF hazifiki, na ripita (mtambo unaopokea ishara na kuirusha tena) iliyo karibu nami haimfikii. Nikanunua redio ya HF ya wati 100 na antena ya wima. Mkanda wa mita 40 nawasikia watu walio kilomita 2,000, lakini yeye simsikii kabisa. Mtu akanishauri nifunge waya karibu kabisa na ardhi, eti kadiri unavyokuwa chini ndivyo mawimbi yanavyorushwa juu. Nimeufunga kimo cha mita moja hivi. Sasa saa sita mchana tunasikizana kwa taabu, lakini ikifika saa mbili usiku anapotea kama mtu aliyezima redio, huku wale wa mbali wakizidi kunguruma. Nimeona amplifaya ya wati 600 inauzwa. Niinunue? Au niushushe waya zaidi? Au ni milima tu inayotuzuia?"

Ndugu yangu, amplifaya usinunue kwanza. Nguvu ulizonazo zinatosha kabisa kumfikia mtu aliye kilomita 110. Antena yako ya kwanza haikufaa kwa kazi hii, waya wako wa sasa uko chini mno, na ikifika usiku mnatumia masafa yasiyo ya saa hiyo. Hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. (Nikisema masafa nina maana ya frikwensi, umbali nitauita umbali. HF ni masafa ya megahezi 3 hadi 30, na VHF ni ya juu kuliko hayo.) Umenipa dalili moja nzuri sana bila kujua: kwamba mwenzako anapopotea, wa mbali wanazidi kunguruma. Nitairudia dalili hiyo, maana ndani yake mna jibu la nusu ya swali lako.

Kwanza tuiondolee milima lawama. Kwa VHF, kweli, milima ni ukuta. Mawimbi hayo husafiri karibu mstari ulionyooka, na redio ya mkononi kwenye tambarare huanza kuishiwa baada ya kilomita chache tu. Kwa HF kuna wimbi linalotambaa na ardhi, nalo kwenye mita 40 huchoka ndani ya makumi machache ya kilomita, na kwenye milima huchoka mapema zaidi. Lakini ipo njia ya tatu, na ndiyo mliyoipata saa sita mchana. Fikiria nyumba isiyo na dari, ambamo kuta za vyumba haziishii kwenye paa. Anayezungumza chumba cha kwanza anasikika cha tatu, si kwa sababu sauti imetoboa kuta bali kwa sababu imepanda, ikagonga bati na kushuka upande wa pili. Milima yenu ni kuta za nyumba hiyo. Mlima wenye kimo cha mita 1,500 ulio kilomita 10 mbele yako unaziba nyuzi 8 au 9 tu za anga juu ya upeo wa macho. Wimbi linalomfikia mwenzako kwa njia ya juu linaondoka kwako likiwa limeinuka nyuzi 80 hivi. Mlima haulioni kabisa.

Bati la nyumba hiyo ni ionosfia. Mwanga mkali wa jua, ule usioonekana kwa macho, huipiga hewa nyembamba ya juu na kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi zake. Elektroni hizo zilizo huru ndizo zinazoyapinda mawimbi ya redio na kuyarudisha chini. Tabaka linalotuhusu zaidi ni F, ambalo kwa kazi yetu tunaweza kulihesabu kuwa kilomita 300 juu. Chukua kalamu upige hesabu: nusu ya umbali wenu ni kilomita 55, kimo ni 300, kwa hiyo wimbi hupanda kilomita 305 na kushuka 305. Linasafiri kilomita 610 ili kuvuka 110. Mtu aliye kilomita 20 tu kutoka kwako, wimbi lake husafiri kilomita 600. Aliye kilomita 400, kilomita 720 hivi. Kwa hiyo mtu wa kilomita 20, wa 110 na wa 400 watakusikia kwa nguvu zinazokaribiana sana, tofauti ya desibeli (kipimo cha kulinganisha nguvu za ishara) moja au mbili tu kwa sababu ya umbali. Ndiyo maana njia hii, ambayo wanaredio dunia nzima huiita NVIS, inapendwa na vikosi vya uokoaji na wote wanaohitaji kufunika eneo zima bila kuacha pengo katikati.

Na umbali wenu una historia. Tarehe 11 Desemba 1924, Edward Appleton na mwanafunzi wake Miles Barnett walitumia mtambo wa BBC uliokuwa Bournemouth, wao wakisikilizia Oxford, umbali wa kilomita 120 hivi, na wakathibitisha kwamba mawimbi kweli yanarudi kutoka angani. Tabaka walilopima usiku ule liko chini kuliko F, na Appleton aliliita E. La juu zaidi alilipata miaka michache baadaye. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1947. Napenda kulikumbusha hili kwa anayeanza, kwa sababu wengi hudhani redio ya HF ni ya kuvuka bahari na kwamba kumpata jirani kwa njia ya angani ni bahati. Ionosfia yenyewe ilithibitishwa kwa umbali kama wako.

Sasa antena ya wima. Si mbovu, na usiitupe. Antena ya wima humwaga nguvu zake pande zote karibu na upeo, nyuzi 10, 20, 30, na hizo ndizo pembe za kumfikia mtu wa kilomita 2,000. Lakini moja kwa moja juu ya ncha yake hairushi kitu. Pale juu pana kama kisima cha kimya, na mwenzako, kwa pembe ya nyuzi 80, anaishi ndani ya kisima hicho. Ulipobadilisha ukafunga waya wa kulala, uligeuza uso wa antena ukatazama juu, naye akasikika. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Kilichoharibu ni kile kimo cha mita moja, na nitafika huko.

Hebu kwanza tukae kwenye masafa, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa na hamu.

Ionosfia haiyarudishi mawimbi yote. Wimbi lililorushwa wima hurudi ikiwa tu masafa yake hayazidi kikomo fulani, na kikomo hicho hutegemea elektroni zimesongamana kiasi gani pale juu. Panapokuwa na elektroni trilioni moja katika kila mita moja ya ujazo, kikomo ni megahezi 9 hivi. Zikipungua hadi robo ya hapo, kikomo hushuka hadi 4.5. Wimbi la megahezi 7.1, yaani la mkanda wenu wa mita 40, likipanda wima wakati kikomo ni 9, litarudi. Likipanda wakati kikomo ni 4.5, litapenya na kwenda zake angani moja kwa moja, halirudi tena. Kikomo cha tabaka F huandikwa foF2, na ukiyajua maandishi hayo manne umeshika ufunguo wa kazi yote hii.

Lakini wimbi likienda kwa mshazari, mambo hubadilika. Ni kama jiwe unalolirusha ziwani: likidondoka wima huzama, likirushwa kwa kulala huruka juu ya maji. Wimbi la mshazari huweza kurudishwa hata masafa yake yakiwa mara mbili au tatu ya kikomo. Kwa umbali wenu mshazari ni mdogo mno, unaongeza asilimia moja au mbili tu. Kwa kilomita 400 unaongeza kama asilimia 20. Kwa kilomita 2,000 unaongeza sana.

Sasa irudie ile dalili yako. Jua linazama, hakuna tena wa kung'oa elektroni mpya, na zilizopo zinaanza kurudiana na chembe zilizozipoteza. Kikomo kinashuka: 8, 7.5, 7, 6. Kikishapita masafa yako, mawimbi yanayopanda wima yanapenya, ila ya mshazari bado yanarudi. Basi kukuzunguka kunafunguka duara la kimya. Anayepotea kwanza ni aliye karibu, kisha wa kilomita 200, kisha wa 400, na duara linazidi kupanuka usiku unavyokua. Wakati huohuo tabaka la chini, D, ambalo mchana hunyonya mawimbi, linayeyuka, na ndiyo maana wa mbali wananguruma. Mwenzako hakuzima redio. Mlikuwa mmekaa ndani ya duara la kimya la mita 40 mkiitana.

Ndiyo maana nimesema amplifaya usinunue. Masafa yakishazidi kikomo, wati 100 zinapenya na wati 600 zinapenya vilevile. Ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kuna jambo moja ambalo napenda ulisikie kwa masikio yako mwenyewe, kwa sababu halielezwi mara kwa mara. Sumaku ya dunia huligawa kila wimbi linaloingia ionosfia kuwa mawimbi mawili, na yote mawili hurudi yakiwa yamepishana kidogo. Yanapokutana kwenye antena yako huongezana na kupunguzana, nawe husikia sauti inapanda na kuzama, inapanda na kuzama, kila baada ya sekunde chache. Sasa, mawimbi haya mawili hayana kikomo kimoja. Moja huweza kurudi hadi nusu megahezi hivi juu ya lile jingine, hapa kidogo pale zaidi, kutegemea nguvu ya sumaku ya mahali ulipo. Kwa hiyo jioni, kabla ya mwenzako kupotea, huja kipindi ambapo wimbi la kwanza limeshapenya na limebaki moja tu. Sauti iliyokuwa ikiyumba inatulia ghafla, inakuwa safi, kana kwamba amesogea karibu na maikrofoni. Wageni hufurahi na kusema hali imetengemaa. Kumbe huo ndio mwisho: baada ya muda, wakati mwingine dakika chache, sauti nayo inachuja na kubaki mvumo mtupu. Ukisikia utulivu huo jioni, mwambie mwenzako mhamie mkanda wa chini sasa hivi, msingoje.

Mkanda wa chini ni upi? Kwa wengi ni mita 80, yaani megahezi 3.5 na kuendelea. Usiku kikomo kinapokuwa 5 au 4, masafa ya 3.6 bado yanarudi wima bila shida. Usijaribu kuutumia mkanda huo saa sita mchana ukategemea makubwa, kwa sababu tabaka D hunyonya masafa ya chini zaidi kuliko ya juu. Mnyonyo wa mita 80 kwa desibeli huwa mara tatu hadi nne ya ule wa mita 40. Kwa hiyo kanuni ni kukaa juu kadiri inavyowezekana bila kuvuka kikomo. Wazoefu hulenga asilimia 80 hadi 90 ya foF2. Kikomo kikiwa 8.2, megahezi 7.1 ni mahali pazuri kabisa. Kikiwa 6.5, mita 40 imo mashakani. Kikiwa 5, shuka mita 80 moja kwa moja. Kati ya mikanda hii miwili kuna mita 60, kwenye megahezi 5.3 hivi, ambayo kwa kazi hii ni dawa. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2015 uliwapa wanaredio wa ridhaa kipande cha 5,351.5 hadi 5,366.5 kilohezi kwa nguvu ndogo, lakini si kila nchi imeruhusu, na mipaka ya mita 80 na 40 nayo hutofautiana. Soma leseni yako kabla ya kubonyeza maikrofoni.

Utajuaje kikomo kiko wapi? Vipo vituo vya kisayansi vyenye mitambo iitwayo ionosondi, ambayo hurusha mawimbi wima, masafa baada ya masafa, na kupima yanayorudi. Vipimo vya vingi kati ya vituo hivyo hukusanywa kwenye mtandao wa GIRO na huonekana bure kwenye intaneti. Tafuta kituo kilicho karibu nawe, uangalie foF2 ya saa hiyo. Kama hakipo cha karibu, zipo ramani zinazokadiria. Na kama huna intaneti, masikio yanatosha: weka orodha ya vituo unavyojua viko umbali gani, kimoja cha kilomita 100, kingine 300, kingine 800. Mchana ukivisikia vyote, kikomo kiko juu ya masafa yako. Cha 100 kikipotea huku cha 800 kikiongezeka, tayari unajua kilichotokea.

Naongeza angalizo hapa. Usiku wa mtu mmoja si usiku wa mwingine. Sehemu zilizo karibu na ikweta ya sumaku, kikomo huweza kubaki juu hata saa kadhaa baada ya jua kuzama, na mita 40 ikafanya kazi hadi usiku wa manane katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Sehemu za mbali na ikweta, wakati wa baridi na madoa yakiwa machache, kikomo cha usiku huweza kushuka chini ya megahezi 3, na hapo hata mita 80 humwacha jirani. Jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi. Wa sasa, wa 25, ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wanasayansi walitangaza kwamba umefika kipindi cha kilele. Kadiri miaka inavyosogea, utaona mita 40 inakukatia mapema kuliko ulivyozoea. Redio yako itakuwa haijaharibika.

Turudi kwenye waya. Ushauri wa kuufunga karibu kabisa na ardhi una chembe ya ukweli iliyotiwa chumvi. Ni kweli kwamba dipoli (waya wa kulala unaolishwa katikati) iliyo juu sana, nusu ya urefu wa wimbi, huanza kupeleka nguvu pembeni na kuacha pengo juu. Kwa mita 40 hapo ni mita 21, na wengi wetu hatuna mlingoti kama huo hata tukitaka. Kosa ni kudhani kwamba basi kushuka hakuna gharama. Ardhi si kioo. Waya ukiikaribia, nguvu zako zinaishia kuipasha moto. Mahali pazuri kwa kurusha juu ni karibu moja ya tano ya urefu wa wimbi: mita 8 hadi 9 kwa mkanda wa mita 40, mita 16 hivi kwa mkanda wa mita 80. Ukishuka hadi mita 5 au 6 kwa mita 40, hasara ni ndogo, wala hutaiona. Ukiwa kwenye mita moja, umepoteza desibeli 10 au zaidi. Wati zako 100 zinapanda kama wati 10 au pungufu.

Kwa nini basi aliyekushauri anaapa kwamba waya wa chini unafanya kazi? Kwa sababu anapokea vizuri. Waya wa chini huishusha ishara, lakini huzishusha pia kelele zinazotoka mbali kwa pembe za chini, kwa hiyo uwiano wa sauti na kelele hauharibiki sana. Yeye anamsikia mwenzake vizuri, anaridhika. Mwenzake ndiye anayehangaika kumsikia. Huenda na ninyi mko hivyo: muulize anakupa S ngapi (kipimo cha nguvu ya ishara kinachoonyeshwa na redio), wewe unampa S ngapi.

Kuna sababu nyingine ya kuuinua, nayo siichukulii kwa wepesi. Ncha za dipoli zina volti kubwa wakati wa kurusha, na kimo cha mita moja ni kimo cha mkono wa mtoto. Atakayeushika ataungua. Leo, kabla hujafanya lolote jingine, acha kurusha kwa waya huo mpaka uwe juu ya kichwa cha mtu aliyenyoosha mkono.

Ningekuwa mimi, ningesimamisha nguzo moja tu ya mita 8 hadi 9 katikati na kuning'iniza dipoli kwa umbo la V lililopinduliwa, ncha zikiishia mita 3 hivi kutoka ardhini na kufungwa kwa kamba. Mkondo mkubwa wa umeme uko katikati ya waya, kwa hiyo kimo cha katikati ndicho chenye uzito. Ncha zikishuka si hasara kubwa. Urefu wa dipoli nzima kwa mita ni 143 ukigawa kwa megahezi. Kwa 7.1 ni mita 20.1, kila upande 10 na kidogo. Kwa 3.65 ni mita 39.2, kila upande 19.6. Kata kila upande ukiwa na nusu mita ya ziada, kisha punguza sentimita chache chache pande zote mbili sawasawa huku ukiangalia SWR, kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio na kebo; 1 ndiyo bora. Jozi zote mbili, ya mita 40 na ya mita 80, zinaweza kuanzia kwenye kiungo kimoja cha katikati na kulishwa na kebo moja ya koaksia, mradi ncha zake ziachane. Kama kiwanja hakitoshi mita 39, kunja ncha za waya mrefu ziende pembeni. Kimo cha mita 8.5 kwa mita 80 ni kidogo kuliko kinachofaa, utapoteza desibeli chache, lakini kitafanya kazi. SWR ya 1.5 au hata 2 isikunyime usingizi.

Pale katikati weka baluni ya 1:1, kifaa cha kuunganisha dipoli na kebo, ili kebo isigeuke kuwa sehemu ya antena, na uzibe kiungo maji yasiingie. Nilipoteza wiki nzima nikilaumu jua kwa ishara zilizokuwa zikififia, nikiangalia ramani za foF2 asubuhi na jioni. Nilipoishusha antena na kukichana kile kipande cha mkanda wa plastiki, maji yalitiririka kutoka kwenye kiungo hadi kwenye kiganja changu, na shaba ndani ya kebo ilikuwa imegeuka kijani kwa urefu wa shibiri. Tangu siku hiyo, kabla ya kulaumu anga, nakagua viungo.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza ni kelele za nyumbani. Mita 80 na 40 zina kelele za radi zinazosafiri kutoka mbali, na hizo huna la kuzifanya. Lakini chaja za simu, taa za LED, vibadilisha umeme vya sola na televisheni hutoa kelele ambazo unaweza kuziondoa. Zima swichi kuu ya nyumba, washa redio kwa betri, uangalie sindano ya S imeshuka kiasi gani. Wapo waliojikuta wakipata S tatu nzima kwa kuchomoa chaja moja. Hizo ni desibeli 18, na hazikugharimu chochote.

Linganisha na amplifaya. Kutoka wati 100 hadi 600 unapata desibeli 8 hivi, zaidi kidogo ya S moja, na unapata kwa kurusha tu. Kusikia kwako hakubadiliki hata chembe. Kuuinua waya kunakupa zaidi ya hizo. Siisemi amplifaya vibaya. Msimu wa radi, usiku, mita 80, antena ikiwa nzuri na masafa yakiwa sahihi, desibeli 8 zinaweza kuwa tofauti kati ya kusikika na kutosikika, hasa kama unaongoza mtandao wa vituo vingi vyenye antena dhaifu. Lakini iwe ya mwisho kununuliwa, na leseni yako iwe inaruhusu.

Kuna siku ambazo hakuna kitakachosaidia. Mlipuko mkubwa kwenye jua hulijaza tabaka D kwa ghafla, na upande wote wa dunia ulio mchana huweza kunyamaza kwa dakika kadhaa hadi saa moja au mbili. Dhoruba ya sumaku ya dunia nayo huweza kukishusha kikomo siku nzima na hata zaidi. Subiri, au shuka mkanda wa chini. Kama mawasiliano yenu ni ya dharura, ya watu kutegemea maisha, usiyaweke yote kwenye njia moja. Ripita, simu ya setilaiti na hata mtu wa pikipiki vina nafasi yake.

Kuhusu msaada wa ana kwa ana: nguzo isisimamishwe na mtu mmoja, na isisimamishwe kamwe mahali ambapo ikianguka, yenyewe au waya wake, inaweza kugusa nyaya za umeme. Pima umbali huo kwa hatua kabla ya kuchimba shimo. Kama hakuna nafasi ya kutosha, au kama unahitaji kuweka kinga ya radi na kuiunganisha na ardhi ya umeme wa nyumba, mwite fundi umeme mwenye leseni. Haya hayajifunzwi kwa kusoma majibu kama hili langu. Kama SWR inakaa juu ya 3 hata ukate waya vipi, au redio za majirani na spika zinaanza kusema kwa sauti yako, tafuta klabu ya wanaredio au mzoefu mmoja aje na kipimo chake cha antena. Nusu saa ya mtu anayeona kiungo chako kwa macho itakusaidia kuliko barua kumi.

Halafu panga na mwenzako, kwa simu, kabla ya jioni ya kwanza. Saa kumi jioni muwe mita 40, mkiongea kidogo kila robo saa na kuandika S mnazopeana. Yeye naye lazima awe na waya wa kulala wenye kimo cha maana. Nusu ya njia ni yake. Kwenye daftari andikeni pia foF2 ya kila saa. Kubalianeni kwamba asiyemsikia mwenzake kwa dakika tano asiendelee kuita, bali ashuke hadi masafa mliyoyachagua ya mita 80 na kusubiri huko. Baada ya wiki mbili za daftari hilo mtajua mita 40 huwakatia saa ngapi pale mlipo, na mtahama dakika kumi kabla.